Mtego wangu wa chesi umeacha kunasa, na mdogo wangu ameuficha ubao

*Shikamoo mwalimu,*

*Mimi ni kijana wa miaka 26, fundi simu Kariakoo, naishi Kimara. Zamani nilikuwa mtu wa drafti, ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. Chesi nilijifunza kwenye simu miaka miwili iliyopita, na mpaka leo nacheza zaidi blitzi, yaani chesi ya haraka, ya dakika tatu kwa kila mchezaji: asubuhi nikiwa ndani ya mwendokasi, jioni nikisubiri wateja waje kuchukua simu zao.*

*Mwaka jana niliiona gambiti ya Stafford (ufunguzi wa kumtolea mpinzani askari kama chambo) kwenye video, nikaipenda siku hiyo hiyo. Kwa msomaji asiyeijua: Mweupe anaanza kwa kusukuma askari e4 (herufi ni safu ya kwenda mbele, namba ni safu ya kukata ubao), mimi naweka e5. Anatoa farasi f3 kumtishia askari wangu. Badala ya kumlinda, nami natoa farasi f6. Anamla askari wangu wa e5. Hapo naleta farasi wangu wa pili c6, tunabadilishana farasi, namla kwa askari wa d. Nimebaki pungufu askari mmoja, lakini maaskofu wangu wote wawili wana njia, malkia ana njia, na mpinzani akicheza kwa mazoea anakufa kabla ya hatua ya kumi. Kuna siku nilimfunga mtu kwa hatua nane tu, tukiwa kati ya Ubungo na Magomeni.*

*Ndani ya miezi minne alama zangu za kiwango mtandaoni zilitoka 1240 hadi 1610. Tangu hapo nimekwama. Napanda hadi 1620, nashuka hadi 1560, narudi. Halafu mwezi uliopita nikaenda kwenye mashindano madogo ya ana kwa ana, mara yangu ya kwanza. Nilipangiwa binti wa kidato cha pili. Nikamtegea. Hakuingia kwenye mtego hata mmoja. Aliweka askofu e2, akasukuma c3, akasukuma d4, taratibu kama anafagia uwanja. Nilipomaliza kufungwa, mzee mmoja aliyekuwa anatazama akaniambia mbele za watu kwamba ninachocheza ni utapeli, si chesi.*

*Hayo ningeyavumilia. Kinachoniumiza ni mdogo wangu. Ana miaka 13, kidato cha kwanza, na mimi ndiye niliyemfundisha chesi. Gambiti hii nilimfundisha kabla hata hajajua kumaliza mchezo wa mfalme na ngome. Wiki ya kwanza aliwafunga wenzake wote shuleni. Wiki ya tatu wenzake walishaijua, wakawa wanamfunga kila siku. Juzi nimeukuta ubao chini ya kitanda, nyuma ya mabegi. Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, mimi chesi sina akili nayo."*

*Mwalimu, je, ni kweli huu ni utapeli? Niiache? Nikiiacha alama zangu zitaporomoka. Na huyu mtoto nimfanyeje?*

*Fundi, Kimara*

Marahaba mwanangu.

Nianze na yule mzee, kwa sababu neno lake limekuchoma na si neno la haki. Wewe unafanya kazi Kariakoo, karata tatu unaijua. Pale mtu anakuficha karata, ana wenzake waliojifanya wateja, na hata ukiwa na macho ya mwewe utaliwa. Huo ndio utapeli. Kwenye chesi kete zote 32 ziko mezani, mpinzani wako anaona kila unachokiona wewe, na sheria zinambana kila mmoja sawasawa. Ukimwekea mtego akauingia, ameuingia macho wazi. Neno lenyewe gambiti limetoka kwenye Kiitaliano, *gambetto*, yaani kumtegea mtu mguu aanguke. Sisi tungesema kumpiga mtu mtama. Padre mmoja wa Hispania, Ruy López, ndiye aliyeliingiza kwenye chesi katika kitabu chake cha mwaka 1561. Kwa hiyo mtama ni sehemu ya mchezo huu kwa zaidi ya karne nne, na wacheza mieleka hawamwiti tapeli mwenzao aliyewaangusha kwa mguu.

Ila kuna kitu ulikuja nacho kutoka kijiweni bila kujua, nami nadhani ndicho kilichokukwamisha.

Kwenye drafti kula ni lazima. Ukimlisha mwenzako kete moja, hana hiari: atakula, atatua pale unapotaka atue, nawe utamla tatu. Ndiyo maana mcheza drafti mzuri anahesabu kwa uhakika, kwa sababu sheria yenyewe inamsukuma mpinzani mpaka mwisho wa njia. Chesi haina sheria hiyo. Mpinzani anaweza kuiangalia kete uliyomtolea, akaiacha, akaenda kupanga jeshi lake. Au anaila hiyo ya kwanza, halafu ya pili anaikataa. Stafford imejengwa juu ya matumaini kwamba atacheza unavyotaka wewe, na wewe umeicheza kwa imani ya drafti, kana kwamba analazimishwa.

Tuutazame huo ushindi wako wa hatua nane, maana naamini naujua. Mmefika pale farasi wamebadilishana. Mweupe anaweka askari d3, wewe unatoa askofu c5. Yeye anaona farasi wako wa f6 amesimama mbele ya malkia wako, anafurahi, anamleta askofu wake g5 ambane. Nawe unamla askari wa e4 kwa farasi yule yule aliyebanwa! Malkia wako yuko wazi, askofu wake anamla pale d8. Wewe: askofu anakula f2, cheki, yaani mfalme wake anatishwa. Mfalme hana pa kwenda isipokuwa e2. Askofu wa pili anashuka g4, meti: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Uzuri wake siukatai. Ni ndugu wa meti ya Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa enzi hizo, na kila kizazi kinaipenda upya kwa sababu inaonyesha kwamba malkia si mfalme. Hata yeye akishtuka asimle malkia, akimla farasi wako kwa askari wa d, bado askofu wako akila f2 kwa cheki anamng'oa mfalme wake kutoka kwenye ulinzi wa malkia, na malkia wake anakufa pale d1.

Sasa jiulize: hatua hizo zote ni za nani? Kosa la askofu g5 ni lake. Wewe ulikariri jibu la kosa la mtu mwingine. Asipolifanya, umebaki na nini mkononi?

Yule binti alikuonyesha. Askofu e2 inafunga ule mshazari wa g4 mpaka d1, malkia wake hana wasiwasi tena. Wewe bila shaka ulisukuma h5 ili farasi wako apande g4, ndivyo video zote zinavyofundisha, na ungoje aweke mfalme ngomeni na kusukuma h3. Hapo kweli angekuwa mashakani: malkia wako anakwenda d6, na akithubutu kumla farasi wako, njia ya ngome yako inafunguka na meti inakaa h2. Lakini yeye hakuharakisha kumficha mfalme. Aliweka c3 kwanza. Hiyo c3 inaonekana hatua ya uvivu, kumbe ndiyo inayoandaa d4, na d4 ikifika, askofu wako wa c5 anapigwa na wakati huo huo macho yake kwenda f2 yanazibwa. Mtego mzima ulikuwa umesimama juu ya f2. Baada ya hapo wewe ni mtu aliyepungukiwa askari, ana askari wawili waliopandana kwenye mstari wa c, na vitisho vimeisha. Injini ya kompyuta inasema faida ya Mweupe pale ni kubwa kuliko hata huyo askari mmoja.

Mimi nimewahi kukaa upande wako wa ubao, nikiwa na nafasi ya aina hiyo, nikitafuta mtego wa pili na wa tatu ilhali nilipaswa kutafuta hatua nzuri tu. Unaanza kumwona mpinzani kama mtu anayekunyima haki yako. Ni hali mbaya sana ya akili kuchezea chesi.

Kwa nini basi ilikupeleka 1610? Piga hesabu ya saa. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 unampa mtu sekunde nne na nusu kwa kila hatua. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, linahesabu blitzi kuwa mchezo wa dakika kumi au pungufu kwa kila mchezaji, na wewe umechagua iliyo kali zaidi ya hapo. Mtu aliyeshika bomba la mwendokasi kwa mkono mmoja hana muda wa kuligundua c3 peke yake. Binti yule alikuwa amekaa kwenye kiti, ana muda, ana utulivu. Na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokutana na watu walioshaumwa na nyoka huyu. Tangu Eric Rosen, Mmarekani mwenye cheo cha Master wa Kimataifa, aitangaze Stafford kwa video zake, imekuwa vigumu kumkuta mtu wa alama 1600 ambaye hajaiona. Kwa hiyo kukwama kwako hakumaanishi akili yako imefika mwisho. Wanaokujibu ndio waliobadilika, wewe ukabaki pale pale.

Je, uiache? Kwenye simu, usiiache kabisa. Blitzi ni mahali pa kujaribu, na kushambulia ukiwa pungufu kunakufundisha kutazama mistari, mishazari, na mfalme asiye na ulinzi. Wacheza wengi waoga hawana macho hayo. Cheza mchezo mmoja kati ya mitano. Lakini kila unapofungwa nayo, fungua uchambuzi (tovuti ya chesi ya Lichess inautoa bure, na haumalizi bando kama video) usimame pale mtego ulipokataliwa. Tafuta hatua kumi zinazofuata. Hapo ndipo hujawahi kusoma.

Kwenye mashindano ya ana kwa ana, iache. Na habari njema ni kwamba hulazimiki kuanza upya. Hatua zako mbili za kwanza, e5 na farasi f6, ni mwanzo wa mojawapo ya kinga imara kuliko zote, kinga ya Petroff, iliyoitwa kwa jina la Alexander Petrov wa Urusi wa karne ya 19. Umekuwa ukisimama mlangoni pake mwaka mzima bila kuingia! Tofauti ni hatua moja. Anapomla askari wako wa e5, usilete farasi c6. Sukuma askari d6. Farasi wake anarudi f3, ndipo unamla askari wake wa e4. Hesabu sasa: kila mmoja amekula askari mmoja, hakuna anayemdai mwenzake. Mmarekani Fabiano Caruana aliitumia kinga hiyo dhidi ya Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwenye pambano la ubingwa wa dunia, London, mwaka 2018, na Carlsen hakuweza kuipasua. Michezo yote 12 ya muda mrefu iliisha sare, mpaka wakaamuliwa kwa michezo ya haraka ambayo Carlsen alishinda yote mitatu.

Tahadhari moja, maana wewe ni mtu wa haraka. Usimle e4 kabla ya d6. Ukimla mara moja, malkia wake anakuja e2, farasi wako anatishwa, ukimrudisha f6 kwa mazoea, farasi wake anaruka c6: malkia wake anakupiga cheki kutoka nyuma na farasi anamla malkia wako. Mtama huo ni wa zamani na bado unaangusha watu kila siku.

Na kuna siku utakuta mtu anamtoa farasi wake mzima pale f7 baada ya d6 yako. Hiyo ni gambiti ya Cochrane, ya karne ya 19 vilevile. Mle kwa mfalme, usikimbie. Una farasi zaidi, yeye ana askari wawili na mfalme wako uwanjani. Siku hiyo utakaa upande wa pili wa barua yako mwenyewe, na nitafurahi ukiniandikia jinsi ulivyojisikia.

Alama zitashuka, sikufichi. Pengine 80, pengine 150. Mfumo huu wa alama alioubuni Arpad Elo na FIDE kuupokea mwaka 1970, na ule wa mitandaoni ambao ni jamaa yake, kazi yake ni kukisia tu: anayekuzidi alama 200 anatarajiwa kuvuna kama robo tatu ya pointi mkikutana mara nyingi. Ukishuka, utapewa wapinzani wa huko uliposhuka, utacheza nao Petroff yako mpaka mkono uizoee, na utapanda tena ukiwa na kitu ambacho hakitegemei mtu mwingine akosee katika hatua ya sita. Mimi ningekubali kulipa alama 150 kwa biashara hiyo bila kuomba punguzo.

Sasa mdogo wako. Hapa, mwanangu, kosa ni lako, na nakuambia kwa sababu uliandika kwa uchungu wa kweli na najua utalirekebisha. Mtoto wa miaka 13 ulimpa jibu kabla ya swali. Aliposhinda hakujua kwa nini ameshinda, alipofungwa hakujua kwa nini amefungwa, na mtoto asiyeona sababu hujitwisha mwenyewe: sina akili. Ana akili. Hakuwahi kupewa nafasi ya kuitumia. Wenzake shuleni, wale waliomfunga, wao ndio walioketi wakatafuta dawa ya mtego wako. Raha ile ya kugundua waliipata wao, yeye akapata aibu.

Usimpe mahubiri wala usimlazimishe kurudi. Usimfundishe ufunguzi mwingine kwanza. Chukua ubao kutoka nyuma ya mabegi, uweke mfalme na ngome upande wake, mfalme mtupu upande wako, umwambie akufunge. Atahangaika. Mwachie. Akishaweza, dakika kumi kila siku kwa wiki moja, atakuwa ameujua ushindi ambao hakuna mwenzake anayeweza kuuzuia kwa kutazama video, kwa sababu hautegemei kosa la mtu.

Kisha, Jumamosi ukitoka Kariakoo mapema, kaeni nje kwenye upepo, simu iwe ndani. Mpe yeye kete nyeupe. Mwambie unamchezea Stafford, umwambie waziwazi kabisa, na kwamba kazi yake ni kuivunja. Hana dakika tatu, ana jioni nzima. Cheza hatua zako kama unavyozijua, askofu c5, ukinyamaza. Atafika hatua ya sita, atagusa askofu wake, pengine atamwelekeza g5 kwanza. Usimwonyeshe kwa uso. Ngoja umwone anaweka wapi.